Sufuria Iliyosafiri Mpaka Lilongwe

Wanangu wa kibanda cha tiketi pale stendi ya Mbinga, juzi mlinialika niwape maneno mawili matatu kuhusu kazi. Nilikuja. Mkanipa soda, mkaniweka kwenye kiti cha plastiki, na kila nilipofungua mdomo simu ya mmoja wenu ikalia. Sikukasirika. Haya, nilikasirika kidogo. Nimerudi nyumbani nimechukua kalamu, maana karatasi haikatizwi na abiria anayeuliza kama basi la Songea limeshaondoka.

Kwa wale wageni kibandani ambao hamnijui, jina langu ni Otilia, na kabla magoti hayajaanza kunisumbua nilikuwa mpanga safari. Si safari za watalii wenye kofia. Nilipanga safari za watu wa hapa hapa: kwaya za parokia, wakulima wa kahawa waliotaka kuona wenzao wanavyolima, timu za mpira, watu wa harusi. Nyingi zilikuwa za Malawi, miji miwili mitatu, wiki moja nenda rudi. Ndege nimeziona zikipita juu tu, na wala sijapungukiwa na kitu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Shaibu. Baba yake alitoka Kilwa akaja huku kuuza vitambaa, akaoa huku, akazikwa huku. Duka la Mzee Shaibu lilikuwa na khanga upande mmoja na tiketi za mabasi upande mwingine, na mimi niliajiriwa kukunja khanga. Siku moja alikuja mteja anataka kwenda Mzuzu na Lilongwe, na mzee alikuwa ameingia ndani kuswali. Nikajitia kujua. Nikaanza kumweleza mteja basi linaondoka Mbinga saa ngapi, akae upande gani asipigwe na jua, anywe chai wapi. Mzee akatoka, akasikiliza, akaniuliza, "Otilia, huko anakokwenda nani anamsubiri?"

Nikasema sijui.

"Basi hata saa ya kuondoka huijui."

Ndivyo alivyopanga maisha yake yote, kutoka mwisho kurudi mwanzo. Alianza na mtu anayesubiri. Anakutaka lini? Jumamosi asubuhi. Basi Ijumaa ulale mji huohuo. Kwa hiyo Ijumaa uwe kwenye basi, kwa hiyo Alhamisi uwe umevuka mpaka, na hivyo hivyo anarudi nyuma taratibu mpaka anakufikisha stendi ya Mbinga na begi lako mkononi. Ninyi siku hizi mnaanza na basi lenye viti vya kulala, halafu ndiyo mnauliza linakwenda wapi. Msininunie, nawatania.

Na katikati ya safari yoyote ile Mzee Shaibu aliweka siku tupu. Hakuna kazi siku hiyo, hakuna mji, hakuna kutembelea mtu. Wateja walimlalamikia kwamba anawapotezea muda. Aliwajibu kwamba siku hiyo si yao, ni ya basi. Basi likiharibika, siku ipo. Lisipoharibika, mtalala, na kulala hakujamuua mtu.

La mwisho alilonifundisha halihusu mabasi. Alisema mpanga safari hula wa mwisho. Kila mtu awe amepata kiti, amepata kitanda, amepata sahani, ndipo wewe uangalie kilichobaki. Niliishika hiyo miaka yote, na ndiyo maana nazijua shingo za kuku wa mikoa mingi na nchi mbili.

Sasa mambo madogo madogo kabla sijasahau. Malawi wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukivuka mpaka unapewa saa ya bure, na ukirudi unanyang'anywa. Tena wenzetu wanahesabu saa Kizungu, kwa hiyo msiwaandikie wateja namba peke yake. Mimi niliandika "asubuhi, mkishakunywa chai" au "jioni, kabla giza halijaingia," na sikuwahi kuacha mtu. Jingine: msafara wa watu wa kwetu huenda na mabegi ukarudi na mabegi, kuku, mchele, na mkungu wa ndizi ambao mtu kapewa na shemeji yake hawezi kuukataa. Nafasi ya mizigo ipangeni kwa safari ya kurudi. Na mkimuuliza mtu, "Una pasipoti?" atawajibu anayo. Msikubali. Mwambieni, "Nionyeshe."

Hilo la mwisho nilifundishwa na kwaya ya Lundo, kule kwenye ziwa tunalopakana na Malawi. Walialikwa kuimba Nkhata Bay na Mzuzu, nikawaambia kila mtu aje na hati yake ya kusafiria. Wote wakasema wanazo. Siku ya kukagua, wakanitolea kadi za kupigia kura. Mmoja alileta cheti cha ubatizo, kimekunjwa vizuri ndani ya kitabu cha nyimbo. Nikamuuliza mama mmoja wa sauti ya pili, mtu mzima kabisa, kama hakunisikia niliposema wanakwenda nje ya nchi.

"Nje ya nchi wapi?" akaniuliza. "Si umesema tunakwenda ng'ambo?"

"Ng'ambo ni Malawi, mama. Malawi ni nje."

"Tangu lini, Otilia? Mama yangu mzazi kazikwa ng'ambo. Sasa nikitaka kwenda kupalilia kaburi la mama niombe ruhusa Songea?"

Watu wa ziwani wamevuka kwenda na kurudi tangu babu na babu, wameoana, wamezikana, na kwao maji yale ni kama ua wa nyuma ya nyumba. Sisi Wamatengo wa milimani ndio tunaoliona ziwa kama mwisho wa nchi. Basi tukapanda wote basi la Songea, uhamiaji wakatusaidia, na zile siku tupu nilizoweka zikaisha zote kabla hatujaondoka. Waliimba lakini, na mama yule alipalilia kaburi akiwa na mhuri halali.

Haya, niwape ile ya Benedikto, maana ndiyo mnayoiuliza kila siku, na kila anayeisimulia pale stendi anaongeza chumvi yake.

Benedikto alikuwa fundi wa mashine za kukoboa kahawa hapa Mbinga, kijana mpole, mikono ina grisi hata Jumapili. Alipelekwa Mzuzu kwa mafunzo mafupi, maana nao wana kahawa kule milimani, akakutana na binti anayeitwa Chimwemwe. Kazi ya Chimwemwe ilikuwa kuonja kahawa. Anapiga funda, anaizungusha mdomoni, anaitema, halafu anakwambia kama ilianikwa vibaya. Benedikto akampa aonje kahawa ya kwetu. Binti akaitia mdomoni, na hakuitema. Benedikto alirudi Mbinga akiwa mtu mwingine, hata bolti alikuwa anazikaza upande usio wake.

Baba yake Chimwemwe alishafariki. Mwenye neno la kumwoza alikuwa mjomba wake mkubwa, Yohane, aliyeishi Lilongwe. Na Mjomba Yohane alikuwa amepata kazi Afrika Kusini, mkataba mrefu, anaondoka Jumapili asubuhi ya wiki iliyokuwa inakuja. Hakuna aliyejua angerudi lini. Wazee wa Benedikto wasipomwona kabla ya Jumapili hiyo, posa isingekuwa na wa kuipokea. Kutoroshana binti alishakataa. Alimwambia Benedikto kwenye simu, "Nikiolewa bila neno la mjomba, nitakuwa nimeolewa nusu." Kijana akaja dukani kwangu, maana wakati huo Mzee Shaibu alishaniachia upande wa tiketi, akakaa kwenye benchi, akanieleza yote huku akijifuta grisi mikononi. Nilimwonea huruma sana. Nilimwambia, "Nenda kalete wazee wako."

Wazee walikuwa wawili. Wa kwanza Shangazi Paskalia, dada wa baba yake, Mmatengo kama mimi ila aliolewa Lundo kwa wavuvi, na ziwa likawa limemwingia mpaka kwenye lafudhi. Wa pili Mzee Erasto wa Mbaha, kule kule ziwani, shemeji yake Shangazi, ambaye ndiye angekuwa mshenga kwa sababu lugha ya ng'ambo anaiongea kuliko wenyewe. Mzee Erasto alikuwa na sifa mbili, kuongea na kula, na sijui ipi ilitangulia.

Niliwawekea mpango mezani. Nilikuwa nimeupanga kwa ramani, na niliupenda. Jumatano Mbinga mpaka Mbeya. Alhamisi tunavuka mpaka pale Kasumulu, tunalala Karonga. Ijumaa tunaingia Mzuzu, tunafikia kwa mjomba mdogo, Fanuel, mdogo wake Yohane, tunasalimia, tunakula, tunalala. Jumamosi tunamalizia Lilongwe.

Shangazi Paskalia alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Otilia, hii umelipangia gunia la kahawa au umetupangia sisi?"

"Kuna nini, dada?"

"Umetulisha kwa mdogo kabla hatujamwona mkubwa. Yohane atauliza, hawa chakula cha kwanza walipewa na nani, na mimi nipo hai?"

"Lakini Mzuzu ipo njiani, dada yangu."

"Kwa basi ipo njiani. Kwa ukoo haipo njiani."

Mzee Erasto alitikisa kichwa kumuunga mkono, ingawa niliona neno chakula lilivyomgusa. Ndivyo ilivyo ziwani, na ng'ambo ni hivyo hivyo: wapeleka posa chakula chao cha kwanza hugawiwa na mkubwa wa ukoo. Ukila kwa mdogo umeshamchagua mdogo, na huna tena cha kumwambia mkubwa. Benedikto akampigia Chimwemwe, na sote tukamsikia binti akicheka. "Shangazi ana haki. Piteni Mzuzu kama hamjui mtu. Na mjomba mdogo msimwambie mnapita. Akijua atapika, na mkikataa chakula chake atanuna mpaka Krismasi."

Nikageuza mpango kwa njia ya Mzee Shaibu, kutoka kwa anayesubiri. Ijumaa hiyo hiyo tungepita Mzuzu moja kwa moja mpaka Lilongwe, na Jumamosi ingebaki tupu. Benedikto, ambaye sasa alikuwa ameanza kupumua, akaiona ile siku. "Mama, hiyo siku tupu si tungeitumia njiani kuangalia Nkhata Bay?" Nikamwambia akiigusa hiyo siku nitamrudisha Mbinga kwa lori la mkaa.

Tuliondoka wanne, maana waliomba niwaongoze. Mbeya ilitupiga baridi, Shangazi akavaa nguo zake zote kwa pamoja. Mpakani tukapewa saa yetu ya bure, na Mzee Erasto akaila peke yake. Afisa wa upande wa pili alimuuliza swali moja tu, amekuja kufanya nini. Mzee akavuta pumzi, akaanza na babu yake. Kumbe na yule afisa ana shangazi kaolewa kisiwani Likoma, na Mzee Erasto alikuwa anamjua mtu anayemjua. Waliagana kwa kushikana mikono miwili miwili, na mstari nyuma yetu ulikuwa umefika kwenye mti wa mbali. Nilimkumbusha mzee kwamba tukifika Mzuzu ni marufuku kusalimiana na mtu. Akaniapia.

Ijumaa tukashuka Mzuzu tubadilishe basi. Shule zilikuwa zimefungwa asubuhi ile. Wanafunzi na matandiko yao walikuwa wamejaza kila basi la Lilongwe, wengine wamekalia masanduku kwenye njia ya katikati. Nilizunguka kila dirisha la tiketi. Nafasi zilikuwa za kesho asubuhi. Basi ndiyo hivyo, ile siku tupu ikaliwa pale pale, na sisi tukabaki kwenye mji ambao tulitakiwa kuupita kama hatumjui mtu.

Nilitafuta nyumba ya wageni karibu na stendi. Wakati tunasubiri vyumba vifagiliwe, Shangazi alituketisha nyuma ya rundo la kabichi za mchuuzi mmoja, khanga kichwani, akamwamuru Benedikto ainame kila anapopita mtu. Mzee Erasto akasema anakwenda kununua vocha tu. Akaenda. Akakawia. Alipotokea alikuwa anaongozana na mtu mnene, mwenye uso wa furaha, amevaa mkoba wa vocha tumboni.

"Nimepata rafiki," Mzee Erasto akasema. "Nimemweleza safari yetu yote, akasema anataka kuwasalimia."

Benedikto, aliyekuwa amewahi kuonyeshwa picha za ukoo, aliinama mpaka paji la uso likagusa kabichi. Rafiki mwenyewe alikuwa Fanuel.

"Haya jamani!" akasema Fanuel kwa Kiswahili chake cha kuchanganya. "Mnakuja kumwoa mpwa wangu, mnajificha nyuma ya mboga?" Alicheka kwa sauti, akatupa mkono mmoja mmoja, akamwamkia Shangazi kwa heshima kabisa. Kisha akasema lile tulilokuwa tunaliogopa: "Nimeshampigia mke wangu. Kuku wako jikoni. Twendeni nyumbani mkale."

Tukienda, posa imekufa kwa Yohane. Tukikataa, tumemtukana mjomba mdogo mbele ya stendi nzima, na ndoa ingeanza na mtu amenuna. Shangazi aliangalia chini. Mzee Erasto, ambaye sasa alikuwa ameelewa alichofanya, aliangalia juu. Benedikto aliniangalia mimi, na macho ya kijana yule sitayasahau, alikuwa kama mtu anayeona basi lake linaondoka. Safari hii nilikuwa nimeipanga mimi.

Nikamkumbuka Mzee Shaibu na lile swali lake. Nani anawasubiri? Nikaona kwamba wanaotusubiri sasa ni wawili, na hakuna sababu ya kuwasubirisha mahali pawili.

"Mjomba," nikamwambia Fanuel, "nyumbani mna sufuria yenye kifuniko kinachobana?"

"Ipo," akasema, akishangaa.

"Basi chakula chako tutakila chote, hata ukoko hatutakuachia. Ila tutakila Lilongwe, kwa kaka yako, na wewe ukiwa umekaa hapo hapo na sisi."

Ule uso wa furaha wa Fanuel ulitulia kidogo, akashika mkoba wake wa vocha. "Kaka anaondoka keshokutwa," akasema. "Nimemuaga kwa simu tu. Biashara haikuniruhusu." Akatuangalia sisi, wageni wa kabichi, tuliosafiri siku tatu kumfuata kaka yake yeye. Kisha akaniuliza, "Basi la asubuhi lina nafasi ya mmoja?"

Nilikuwa nimeshasimama kwenda dirishani.

Asubuhi alikuja na mke wake wamebeba sufuria kubwa, wali na kuku wa kukaanga, kifuniko kimefungwa kwa khanga na fundo juu. Kondakta akasema sufuria ni mzigo, iende chini kwenye buti. Shangazi Paskalia akasimama mlangoni, akamwambia, "Kijana, hii si mzigo. Hii ni mkwe." Sijui kondakta alielewa Kiswahili kiasi gani, lakini alielewa Shangazi. Sufuria ikakaa mapajani kwa Benedikto mpaka Lilongwe, na harufu yake ikatembea basi zima. Njiani tairi lilipasuka. Abiria walishuka wakakaa kwenye majani, na wote walikuwa wanamwangalia Benedikto kwa njaa. Mzee Erasto alishauri tuonje chakula kidogo tu, kuhakikisha hakijaharibika. Shangazi akalikaza fundo la khanga.

Tulifika mchana umeanza kulegea. Mjomba Yohane alikuwa mtu mrefu, mkimya, na mabegi yake yalikuwa yameshafungwa, yamepangwa barazani. Chimwemwe alikuwa amefika kwa njia yake siku mbili kabla, akatupokea akiwa amepiga magoti, hakumtazama Benedikto hata kidogo, na Benedikto hakutazama kitu kingine. Yohane alimwona mdogo wake nyuma yetu. Akatuonyesha viti. Tukaketi.

Salamu zilipokwisha akauliza, polepole, "Mmepita Mzuzu?"

"Tumepita," akasema Mzee Erasto. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliishia hapo.

"Mmelala?"

"Tumelala, mabasi yalijaa."

"Mmekula kwa nani?"

Shangazi Paskalia akainuka, akaichukua ile sufuria kwa Benedikto, akaiweka miguuni kwa Yohane, akapiga magoti. "Kwa mtu hatujala, mkubwa wetu. Mdogo wako ametupikia, na sisi tumekuletea chakula chenyewe ukigawe wewe."

Yohane aliikodolea macho ile sufuria. Akafungua fundo la khanga mwenyewe, akainua kifuniko, na nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka. Akamwambia Fanuel kwa lugha yao, na Mzee Erasto akatutafsiria baadaye, "Nimekualika kwangu mara ngapi, na umeletwa na Watanzania!" Halafu macho yakamjaa, akajifuta kwa mkono wa shati bila kuona haya. Akagawa. Alianza na mdogo wake, akafuata Shangazi, akafuata mshenga, ambaye alipewa paja na nusu. Alipofika kwa Benedikto alimpa nyama kwa mkono wake, na hapo tukajua jibu kabla halijatamkwa. Mimi nililetewa mwisho. Nilipata shingo na ukoko, na sijawahi kula ukoko mtamu kama ule.

Jumapili asubuhi Fanuel ndiye aliyebeba mabegi ya kaka yake mpaka stendi.

Mnaniuliza siku zote kama simu inaweza kupanga safari kama ile. Inaweza karibu yote. Nawaoneni mnavyoangalia barabara na hoteli na bei kabla mimi sijavaa miwani, na nafurahi kweli, maana mimi nilimaliza viatu kwa kuulizia. Lami sasa imefika Mbamba Bay kule ziwani, na ni barabara ileile ambayo zamani tulilala njiani, magurudumu ndani ya matope. Itumieni hiyo simu. Ila kabla ya kuiwasha, muulizeni mteja swali la Mzee Shaibu, ambaye ametangulia mbele ya haki na hayupo wa kuwauliza. Ukishajua nani anasubiri, uliza na nani ni mkubwa wake.

Chimwemwe yuko hapa Mbinga, mnamjua, yule anayeonja kahawa za vikundi vya wakulima na kuwakaripia wanaoanika chini. Ana watoto wawili. Na mwaka huu Mjomba Yohane amerudi kutoka Afrika Kusini. Alinipigia mimi, nimeshastaafu, nipo shambani nachambua maharage.

"Dada Otilia, nataka kuja kumwona mpwa wangu na wajukuu. Nianzie kwa nani?"

Nyumba ya Benedikto iko hatua chache kutoka stendi, mgeni akishuka anaiona. Ramani yoyote ingemwambia aanzie hapo. Lakini mkubwa wa kwao Benedikto, Shangazi Paskalia, tulimzika mwaka jana, kule kwake ziwani. Nikamwambia, "Anzia Lundo, kaka."

"Ndivyo nilivyofikiri," akasema.

Siku aliyofika mlikuwepo, wengine wenu ndio mlimkatia tiketi. Mlimwona mzee mrefu akishuka basi la Songea, akisimama pale pale chini akawakumbatia wajukuu, asiingie nyumbani wala asinywe hata maji, akapanda gari la ziwani. Mlishangaa, nikawasikia. Mlimwona pia Chimwemwe akipanda nyuma yake amebeba sufuria, kifuniko kimefungwa kwa khanga, na kondakta wenu akataka iende kwenye buti. Sasa mnajua kwa nini nilimfokea.

Kaburini Mjomba Yohane alikaa muda mrefu, akang'oa majani kwa mikono. Kisha tukarudi kwenye baraza la Shangazi. Mzee Erasto alikuwa ameshafika kutoka Mbaha, amezeeka, fimbo mkononi, ameketi karibu na mahali ambapo sufuria ingewekwa. Chimwemwe akaiweka katikati. Hakuna aliyeigusa. Kwenye baraza lile aliyegawa chakula siku zote alikuwa Paskalia, na sote tulikuwa tunatazama mahali pake.

"Agawe aliyetupangia njia," akasema Mjomba Yohane.

"Agawe upesi," akasema Mzee Erasto.

Nikasogea na magoti yangu haya mabovu, nikachukua upawa, nikaanza kumtafutia Mjomba kipande kizuri. Chimwemwe akanishika mkono. "Hapana, Bibi. Leo anza kwako."

Nikafikiri Mzee Shaibu angesema nini. Kisha nikajipakulia paja. Lilikuwa bado na joto.